"Njoo Kesho" Huanzia Ofisini kwa Meneja

Mhadhara kwa mameneja wa matawi, Wiki ya Huduma kwa Wateja

Ndugu mameneja, shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za asubuhi.

Wiki hii ya kwanza ya Oktoba matawi yamependeza. Maputo yapo, keki imekatwa, wahudumu wana fulana mpya. Sina ugomvi na keki. Nimekuja kuwaeleza yaliyonipata dirishani, maana kabla ya kufundisha nilikuwa keshia, tena kusini, kwa wakulima wa korosho.

Mliofanya kazi kule mnajua. Minada ikianza na pesa zikaingia kwenye akaunti, watu wanatoka vijijini usiku ili benki ikifunguliwa wawe mlangoni. Meneja wangu wa kwanza alikuwa hodari wa hesabu, anaheshimika makao makuu. Lakini ukipata shoti, yaani pesa za dirishani zikipungua jioni, hata kwa elfu kumi, jina lako linabandikwa chumba cha chai. Mwenzetu mmoja alipitisha saini iliyotofautiana kidogo na ile ya kwenye kumbukumbu. Alikemewa pale pale, wateja wakisikia. Pesa haikupotea, mwenye akaunti alikuwa ndiye. Ila sisi wengine somo lilishatuingia: kumrudisha mteja hakumponzi keshia, kumhudumia kunaweza kumponza.

Akaja mzee kutoka upande wa Newala. Mkono unatetemeka, saini imekataa kufanana. Nilimjua, wiki mbili nyuma nilimhudumia mwenyewe. Nikamwambia, "Babu, kalete barua ya mtendaji wa kijiji." Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nauli nitaitoa wapi, na pesa yenyewe iko humu?" Nikaita namba inayofuata.

Linaniuma mpaka leo. Aliyekuwa kwenye foleni angesema binti huyu ana roho mbaya, apelekwe semina akafundishwe lugha nzuri. Lugha nzuri nilikuwa nayo, nimelelewa nayo. Nilichokuwa nacho siku ile ni hofu, na hofu hiyo niliichukua ndani ya jengo, nikampa babu wa watu.

Msimu uliofuata tukaletewa meneja mwingine. Haikupita wiki ikatokea saini ya namna ile ile, safari hii ya mama mmoja mtu mzima. Meneja akatoka ofisini, akakaa naye kwenye benchi. Akamuuliza akaunti aliifungulia wapi, mrithi alimwandika nani, akalinganisha picha na uso. Kisha akaandika kwenye fomu kwamba amemtambua, akatia saini yake, akanirudishia. "Lipa. Likiharibika ni langu."

Maneno manne. Najua mnachotaka kuniuliza: na wakaguzi je, na matapeli wa kughushi saini? Wapo, na msiwalegezee. Lakini yule hakuvunja utaratibu wowote. Kumthibitisha mteja ni sehemu ya utaratibu, na sehemu ile ilikuwa kazi ya meneja siku zote. Tofauti ni kwamba yeye aliifanya.

Kuanzia hapo tawi lilibadilika, na hakuna aliyetufundisha kutabasamu. Mtandao ukigoma, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu kueleza, wakati zamani tuliachiwa sisi tutukanwe. Hata mlinzi, aliyekuwa akiwafokea wazee pale mlangoni, akaanza kuwatafutia viti. Mlinzi hakuwa mwajiriwa wetu, alikuwa wa kampuni ya ulinzi, na semina zetu hakuwahi kukanyaga. Alimwona mkubwa anavyokaa na watu, basi.

Msidhani haya ni ya tawi dogo la mkoani. Tazameni Wells Fargo ya Marekani. Wakubwa walitaka kila mteja awe na bidhaa 8 za benki. Mameneja wakabanwa, nao wakawabana wa chini yao, malengo ya kila siku, hadi wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba ilishafukuza watu wapatao 5,300. Walikosa, silikatai hilo. Ila watu 5,300 hawaamki asubuhi moja wote wakiwa waongo. Mkurugenzi mkuu wao, John Stumpf, aliondoka mwezi uliofuata.

Jan Carlzon, aliyeliongoza shirika la ndege la SAS miaka ya 1980, aliwahi kupiga hesabu: abiria milioni 10 kwa mwaka, kila mmoja anakutana na wafanyakazi kama 5, sekunde 15 kila mara. Ndani ya sekunde hizo meneja hayupo. Akaamua wafanyakazi wanaokutana na abiria wapewe ruhusa ya kumaliza jambo bila kupanda ngazi kuomba.

Nirudi kwa meneja wangu wa pili. Karibu na chupa ya chai aliweka kaunta buku. Kila mteja uliyemrudisha, unaandika kwa nini, bila jina lako. Ijumaa jioni anaisoma mbele yetu. Wiki ya kwanza alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mengi ya haya mlikuwa mnanisubiri mimi." Jumatatu akahamishia meza yake karibu na madirisha.

Nimekuja na kaunta buku, moja kwa kila tawi. Ziko pale mlangoni kwenye boksi. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi, naomba auandike meneja mwenyewe.