J'ai dix ans, nina miaka kumi: kufundisha namba na umri kwa wanaoanza Kifaransa

Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Namba na umri ni somo ambalo karibu kila kitabu cha Kifaransa hulitanguliza, na kwa sababu linatangulia tunalipitia mbio mbio. Mwaka wa tatu bado tunasikia darasani "je suis quinze ans", yaani "mimi ni miaka kumi na mitano". Tuanzie hapo.

Kosa hilo halitoki kwenye Kiswahili. Muulize mtoto umri wake, atakujibu "nina miaka kumi na mitano". Hawezi kusema "mimi ni miaka kumi na mitano". Sikio lake litakataa. Kifaransa nacho kinasema hivyo hivyo: j'ai quinze ans. J'ai ndiyo nina, tu as ndiyo una, il a na elle a ndiyo ana. Kosa linapenya kupitia Kiingereza, kinachosema "I am fifteen", lugha ambayo wanafunzi wetu wa sekondari wameshaizoea na ambayo sisi wenyewe tunaitumia kuelezea Kifaransa. Kwa somo hili, nawasihi, Kiingereza kikae pembeni. Andika ubaoni "Nina miaka kumi", chini yake "J'ai dix ans", kisha unganisha maneno kwa mistari. Mstari wa nina unashuka wima hadi j'ai. Mistari miwili iliyobaki inapishana, kwa kuwa sisi namba tunaiweka baada ya miaka, wao wanaitanguliza. Tofauti ni hiyo tu. Hata swali tunalo: "Tu as quel âge?" ni "Una umri gani?"

Tahadhari moja. Sisi tukishajua kuwa tunazungumzia miaka, tunasema "ana kumi" na tunaelewana. Anayeanza Kifaransa asiruhusiwe kuacha ans. Ukisema "j'ai dix" ukanyamaza, msikilizaji anabaki kusubiri: una kumi za nini? Na je suis msiifundishe siku hiyo hiyo kwa mwaka wa kuzaliwa (je suis né, au née kwa msichana). Ipeni wiki yake, la sivyo zitachanganyika.

Sasa namba zenyewe. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akiona deux, six, sept kabla ya kuzisikia, atasoma kila herufi, na sauti hiyo ikishakaa haitoki kirahisi. Wiki ya kwanza andika tarakimu tu: 2, 6, 7. Tahajia ije baadaye. Somo la kwanza liishie 10, tena kwa mafungu: 0 hadi 3, 4 hadi 6, 7 hadi 10. Wagawie vifuniko vya soda kumi kumi. Wahesabu kwenda mbele, warudi nyuma, kisha utaje namba kiholela nao wasogeze idadi hiyo. Hatua hii ya mwisho msiiruke. Mwanafunzi aliyekariri kwa wimbo, ukimwonyesha 8, huanza un, deux, trois kimoyomoyo mpaka aifikie. Huyo amejua wimbo, namba bado.

Baada ya kumi, Kiswahili kinaanza kutuponza. Sisi tuna "na" kila mahali: kumi na mbili, ishirini na tatu. Kifaransa kuanzia 11 hadi 16 kina neno moja moja: onze, douze, treize, quatorze, quinze, seize. Asiyeambiwa atajijengea "dix et deux". Kuanzia 17 hadi 19 ni kumi na namba yake bila "na": dix-sept, dix-huit, dix-neuf. Kisha "et", ndiyo "na" yao, inatokea mahali sita tu chini ya mia: 21, 31, 41, 51, 61 na 71. Ziandikeni hizo sita kwenye karatasi, zibandikwe ukutani. Vingt et deux ni kosa la Mswahili halisi, na dawa yake ni kumwonyesha kuwa linatokana na "na" ya kwao.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo umri unapoharibika: namba na ans hutamkwa kama neno moja. Dix peke yake huishia na sauti ya s. Mbele ya ans inakuwa z. Six ni vivyo hivyo. Deux na trois, ambazo mwishoni huwa kimya, nazo zinapata z. Kwenye vingt (20) na cent (100) t inafufuka. Neuf (9) inageuza f kuwa v: neuf ans husikika kama "növ-ans". Mwanafunzi anayepumua kati ya namba na ans anazipoteza sauti hizo zote. Kwa hiyo usifundishe dix halafu ans. Fundisha dix ans kwa pumzi moja, deux ans kwa pumzi moja.

Halafu sikilizeni jozi hizi: deux ans na douze ans, trois ans na treize ans, six ans na seize ans. Zote zina z ileile katikati. Kinachotenganisha miaka 6 na miaka 16 ni irabu tu, i dhidi ya e. Trois ina "wa" ndani yake, treize ina e. Deux ndiyo ngumu zaidi, maana irabu yake hatuna katika a, e, i, o, u zetu. Mwambie mwanafunzi aseme e, ashikilie, kisha bila kuusogeza ulimi aviringe midomo kama anayesema o. Akishindwa atatamka u, na mdogo wake wa miaka miwili atakuwa wa kumi na miwili. Fanyeni zoezi la mikono: mwalimu anasema, wanafunzi wanainua mkono wa kushoto kwa 2, wa kulia kwa 12. Dakika tatu kila kipindi, kwa wiki mbili.

Kwa irabu za puani, za cent, cinq na ans, kipimo ni ulimi. Ukigusa nyuma ya meno, umetamka n kamili ya Kiswahili, na sivyo. Ulimi utulie chini, hewa ipite puani.

Tuje kwenye 70 hadi 99, na hapa toeni sarafu. Mwalimu wa Kenya ana bahati, sarafu ya shilingi 20 anayo mfukoni. Wengine wakate karatasi. Kwa 97, weka mezani sarafu nne za ishirini, moja ya kumi, moja ya tano na mbili za shilingi moja. Gusa huku ukisema: quatre-vingt, dix, sept. Kwa 72: tatu za ishirini zinafanya soixante, halafu douze. Wakishika fedha wanaacha kuona maajabu.

Kosa la imla linajulikana. Ukisoma soixante-douze wanaandika 60 12. Quatre-vingt-douze (92) inakuwa 4 20 12. Mkono umetangulia sikio. Sharti liwe moja: kalamu chini mpaka fungu liishe. Namba za simu za Ufaransa zinafaa sana hapa, kwa kuwa zina tarakimu kumi zinazosomwa mbili mbili.

Kama darasani mna mtoto aliyekulia Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, atasema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama Wabelgiji. Msimkate alama, si kosa. Wenzake wajifunze kuzitambua, naye ajifunze kutambua za Ufaransa.

Mwisho, swali la umri lina adabu yake. Kwa mwenzako ni "Tu as quel âge?", kwa mtu mzima ni "Vous avez quel âge?", tena pale panapohitajika, kama kwa daktari au kwenye fomu. Wagawe wawili wawili, mmoja karani, mmoja mwenye kujaza fomu, wabadilishane. Sasa chukueni vifuniko, tulijaribu somo la kwanza hapa hapa.