Kuona Tunachokitarajia

Ndugu wasikilizaji, naomba tuingie kwanza katika chumba chenye giza. Ni mwaka 1904, mjini Nancy, Ufaransa. Mwanafizikia René Blondlot anamwonyesha mgeni wake miale aliyotangaza kuigundua mwaka uliotangulia. Ameiita miale ya N, kwa heshima ya mji huo. Inasemekana ikiufikia mwanga hafifu, mwanga huo huongezeka kidogo. Kidogo sana, hata jicho lizoee giza kwanza ndipo lione.

Mgeni, Robert Wood kutoka Marekani, haoni kitu. Basi humo gizani anakiondoa kimyakimya kipande cha alumini chenye umbo la mche wa pembetatu, ambacho ndicho kinachodaiwa kuipinda miale hiyo. Bila kipande kile jaribio halipo tena. Lakini vipimo vinaendelea kusomwa vilevile!

Tusiharakishe kumwita Blondlot mwongo. Alikuwa mtaalamu wa kuheshimika, na wanasayansi wengine kadhaa walishuhudia kwamba nao wameiona miale hiyo. Hilo ndilo linalonitisha. Mwongo anajua kwamba anadanganya. Mwenye upendeleo moyoni hajui. Yeye anaona tu, kama mimi na wewe tunavyoonana sasa.

Mwaka 1960, huko Uingereza, mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu 29 namba tatu: 2, 4, 6. Zilifuata kanuni fulani, nao waitafute kwa kubuni namba nyingine, wakiambiwa kila mara kama zinaifuata. Mtu akidhani ni kuongeza mbili, atajaribu 8, 10, 12. Ndiyo. Atajaribu 20, 22, 24. Ndiyo tena, na uhakika unazidi kupanda. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda! Ni 6 tu walioipata bila kutangaza kwanza jibu la makosa. Kilichowaponza wengi ni kuitafuta “ndiyo”, wakati “hapana” moja ingewafungua macho.

Je, basi machale, ile hisia inayotujia kabla ya kupima, tuyatupe? La. Bingwa wa sataranji huutazama ubao mara moja akahisi hatari ilipo, kwa kuwa amecheza michezo mingi mno na makosa yake yalimwadhibu palepale. Machale yake yamefundishwa. Lakini anayemtazama mwombaji kazi kwa dakika mbili akasema “huyu hafai”, amesahihishwa na nani? Aliyekataliwa anakwenda zake. Huenda akang’ara kwingine, na aliyemkataa asipate habari kamwe.