Unataka kuwa daktari Marekani? Uliza hili kabla hujachagua chuo

Haya niambieni, mambo vipi huko nyumbani? Hiyo kelele mnayoisikia ni hita, nikiizima naganda, kwa hiyo vumilieni tu.

Leo naongea na wadogo zangu mnaonijazia meseji, "anti nataka nije Marekani nisome udaktari, chuo gani kizuri?" Jamani, huku hakuna kumaliza fomu siksi ukaingia udaktari moja kwa moja kama mtu anavyoingia Muhimbili akapiga miaka yake 5 na intanshipu mwaka 1 kamaliza. Huku kwanza unasoma digrii ya kawaida miaka 4, ndo unaomba chuo cha udaktari, miaka mingine 4, halafu residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, isiyopungua miaka 3, ukitaka upasuaji wa ubongo ni 7. Programu zinazokuchukua kwa vyote viwili kwa mpigo zipo ila chache, na watu wanavyozigombania usiseme.

Na hiyo digrii ya kwanza soma unachotaka, hata historia, hata muziki, mradi upite biolojia, kemia, kemia ogani, fizikia na baiokemia.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Mtoto wa dada yangu, kazaliwa hukuhuku, anachagua chuo, tumekaa mezani na mabroshua yake. Kimoja kimeandika kwa maherufi makubwa kwamba wanafunzi wao wanaoomba udaktari, asilimia 90 na kitu wanachukuliwa. Nchi nzima, wanaoomba vyuo vya MD, yaani vinavyotoa digrii ya udaktari, wanaopata nafasi hawafiki hata nusu! Binti macho yakamtoka, kashashika simu anataka kumwambia mama yake. Nikamwambia subiri, hiyohiyo simu wapigie wao, waulize kitu kimoja tu, walioingia mwaka wa kwanza wakisema wanataka udaktari walikuwa wangapi, na waliofika mwisho wakaomba walikuwa wangapi. Yule mama wa ofisi ya ushauri alivyoanza kuzunguka sasa, mara inategemea, mara kila mwanafunzi na safari yake, mpaka binti akanitazama hivi.

Maana mchezo wote uko hapo. Vyuo vingi vina kamati inayokuandikia barua ya kukutambulisha kwenye vyuo vya udaktari, na baadhi kamati ikiona GPA yako, yaani wastani wa maksi zako, haieleweki haikuandikii, au inakwambia subiri kwanza. Ukiomba bila hiyo barua wakati inajulikana chuo chenu kina kamati, huko unakoomba wanajiuliza kulikoni. Na kabla ya kufika kwenye kamati, kuna waliokwishaangukia kwenye kemia ogani wakahamia biashara kimyakimya. Kwa hiyo ile 90 ni sawa na kupepeta na kuchekecha mchele mpaka zibaki punje nzima, halafu unajisifu shamba lako halina chenga.

Sisemi barua ya kamati ni mbaya, ikiwa nzuri inakubeba sana. Ila uliza, mnamwandikia kila anayeomba au mnachagua? Chuo kinachojibu hilo bila kumung'unya maneno mimi nakipa heshima hata kama jina lake hulijui. Xavier ya Louisiana, pale New Orleans, ni kachuo kadogo tu, huku nje wengi hawajawahi hata kukisikia, lakini miaka nenda rudi ni kati ya vyuo vinavyotoa Wamarekani weusi wengi kabisa wanaoishia kuwa madaktari.

Na jina kubwa lina gharama yake. Darasa la kemia watu 300, wote walikuwa namba moja kwao, maksi zinapangwa kwa kuwalinganisha ninyi kwa ninyi. Wanaoingia MD wastani wa GPA yao unapita 3.7 kwenye 4, na MCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari, ni kama 511 kwenye 528, na ukifeli kozi ukairudia, maksi zote mbili zinahesabiwa. Ile ya kwanza haifutiki ng'o. Bora uwe sehemu profesa anakujua, maabara unapata nafasi, na hospitali iko karibu maana watataka kuona umeshinda na wagonjwa, sio vitabu tu.

Hela nayo. Kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kwa mwanafunzi mpya wa udaktari una kikomo, dola 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000, na kuna vyuo ada peke yake inapita hapo. Ndo maana binti yetu nimemwambia chuo cha jimbo kinachompa skolashipu kisikae chini ya orodha.

Ila wewe uliyeko nyumbani hesabu yako ni nyingine kabisa, na hii watu hawapendi nikiisema. Huo mkopo wa serikali haukuhusu. Vyuo vingi vya udaktari havichukui mtu asiye raia au asiye na grini kadi, na baadhi ya vinavyochukua vinataka uweke ada ya miaka kadhaa benki kabla hujaanza. Mimi kwa maoni yangu, kama maksi zako zinakuingiza udaktari hapo nyumbani, ingia, hakikisha tu chuo kinakubalika ECFMG, shirika la huku linalohakiki madaktari waliosoma nje, halafu ufanye mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, uje kwa residensi. Sio rahisi, lakini utakuja ukiwa daktari tayari.

Kama bado unataka kuja kwa digrii ya kwanza, sikukatazi. Waandikie imeili, waulize wanafunzi wao wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kutoka nje, wangapi wameingia udaktari miaka hii mitano. Wakikujibu wana jumuiya changamfu ya wanafunzi wa kimataifa, mdogo wangu, umeshajibiwa.