Jina Lako Mbele ya Kundi: Gemu Zinavyohesabu Wema na Ubaya

Jioni njema, na asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa nizungumzie makundi ndani ya gemu za kompyuta: yanajuaje wewe ni mtu wao au ni adui, na namba zinazoendesha jambo hilo zinakaaje. Humu najua kuna wachezaji na kuna wanaoandika kodi, yaani programu za gemu zenyewe. Nitawasumbua zaidi hawa wa pili.

Gemu ya World of Warcraft ya mwaka 2004 ndiyo iliyowazoesha watu wengi wazo la ngazi. Kila kundi lina ngazi yake, chini kabisa unachukiwa, juu kabisa unatukuzwa. Ukianzia katikati, pale wasipokupenda wala kukuchukia, unahitaji pointi 42,000 kufika kileleni. Unazipataje? Unaua viumbe walewale, unapeleka mizigo ileile, siku nenda siku rudi. Mwaka 2008, katika nyongeza ya Wrath of the Lich King, mambo yakarahisishwa: vaa vazi lenye nembo ya kundi fulani, ingia shimoni ukapigane, na kundi hilo litazidi kukupenda hata kama uliowaua humo hawana ugomvi wowote nalo. Kwangu mimi huo ni mshahara. Umefanya kazi, umelipwa heshima, na heshima hiyo unakwenda kununulia mnyama wa kupanda.

Nisiwaonee, kuna mahali ngazi zao zinavutana vizuri. Kwenye mji wa Shattrath, nyongeza ya 2007, kuna makundi mawili yanayopingana, Aldor na Scryers. Ukipata pointi kwa hawa, wale wanakukata kiasi hichohicho na asilimia 10 juu yake. Hapo mchezaji anakaa kwanza, anafikiri.

Lakini gemu ninayotaka tukae nayo ni Fallout: New Vegas, ya studio ya Obsidian, mwaka 2010. Wao hawakutumia ngazi moja. Kila kundi linakufungulia hesabu mbili, ya mema na ya mabaya, na hesabu hizo hazifutani. Ukiwasaidia watu wa mji leo kisha kesho ukawaibia na kuwapiga risasi, mfumo haurudi sifuri. Unasoma namba zote mbili na kukupa jina la mtu asiyetabirika. Na sisi ndivyo tulivyo. Kila mtaa una yule jamaa ambaye kwenye msiba ni wa kwanza kuchanga na wa mwisho kuondoka, ila ukimkopesha hela umeshazisahau. Hakuna anayetoa hili kwenye lile akapata jibu moja. Watu wanayabeba yote mawili, na wanajua la kumwitia na la kumkwepea.

Tazama inavyoanza. Mhusika wako, tarishi aliyepigwa risasi ya kichwa, anaamka kwa daktari kwenye kijiji cha Goodsprings. Mfanyabiashara mmoja, Ringo, amejificha kwenye kituo cha zamani cha mafuta, na Joe Cobb wa genge la Powder Gangers anamtaka. Unaweza kuzunguka kijijini ukiomba watu wajitokeze: huyu atoe baruti, yule wa duka atoe vifaa. Unaweza pia kwenda kwa Cobb na kukiteka kijiji. Vyovyote utakavyochagua, upande mmoja jina limepanda na upande wa pili limechafuka, na bado hujatoka hata kwenye somo la kwanza la gemu.

Mavazi nayo yana maana ya kinyume kabisa na kule Warcraft. Ukivaa sare ya kundi, wenyewe wanakudhani mwenzao na maadui zao wanakufyatulia risasi. Wengi wanadanganyika, ila mbwa wa ulinzi na baadhi ya wakubwa wanakushtukia. Ukiwaudhi NCR, dola lenye jeshi lake humo, kupita kiasi, wanakutumia askari kukupa siku 3 ujirekebishe. Legion ya Caesar, jeshi la maadui zao, inatuma wauaji. Kwa hiyo hata namna ya kukasirika inakuonyesha hili ni kundi la aina gani, na hiyo kwangu ni kazi nzuri kuliko mazungumzo mengi yaliyoandikwa humo.

Swali jingine kwa mwandishi wa kodi ni hili: nani ameona? New Vegas ina kipimo kingine pembeni, karma, kinachopima wema wako mwenyewe bila kujali kundi. Ukiiba usiku bila mtu kukuona, karma inashuka, lakini kundi halina habari. Gemu ya Skyrim ya 2011 ikalitilia mkazo suala la mashahidi. Kila himaya, yaani jimbo, kati ya 9 za humo inaweka deni lake la makosa yako, na ukimmaliza shahidi wa mwisho, deni la kosa hilo linafutwa. (Ndiyo, na ukimpiga kuku wa watu Riverwood kijiji kizima kinakugeukia. Mnacheka, maana mmeshampiga.) Udhaifu ni kwamba habari ikishapata shahidi inafika kila kona ya himaya papo hapo. Hakuna mjumbe wa kumwahi njiani. Mkitaka pa kuanzia kazi yenu, anzieni hapo: ipeni habari mwendo.

Middle-earth: Shadow of Mordor, mwaka 2014, ikaondoa kumbukumbu kwenye kundi na kuiweka kwa mtu mmojammoja. Ork, askari wa adui, uliyemchoma moto akanusurika anarudi na makovu usoni, anakutajia ulichomfanyia. Akikuua, anapandishwa cheo. Mtaipenda, na mtataka kuiga. Basi mjue kwamba mwaka 2021 Warner Bros. walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mfumo huo Marekani. Februari 2025 wakaifunga Monolith, studio iliyoubuni. Anayetaka kwenda njia hiyo amwone mwanasheria kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Karibuni maswali.