Fimbo na Sikio Havikai Biro Moja

Bwana prefe, mkuu wetu wa shule, walimu, papa na mama wa komite ya wazazi, habari za mchana.

Nimekuja na neno lile lile, na nitalirudia mpaka lisikike: mshauri wa wanafunzi asiwe direkteri wa disiplini, yule wa kuadhibu. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, toka Ibanda mpaka Bagira, ukiuliza shuleni mshauri ni nani, mara nyingi unapelekwa biro, yaani ofisi, ile ile ambako mtoto alipigishwa magoti jana kwa kuchelewa. Fimbo imeegemea kona, orodha ya waliofukuzwa kwa minervali, yaani ada ya shule, iko mezani. Mtoto gani ataingia humo aseme kwamba mjomba aliyempokea nyumbani anamgusa usiku?

Tuhesabu pamoja. Chukueni msichana aliyebakwa Alhamisi saa 12 jioni, akitoka kuchota maji. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inabidi ianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea inaipunguzia nguvu. Saa 72 zake zinaisha Jumapili saa 12 jioni. Dawa ya kuzuia mimba ina saa 120, yaani Jumanne jioni, nayo pia mapema ni bora. Ijumaa asubuhi yuko darasani, kichwa kimelala juu ya dawati. Mwalimu anamtoa nje: mvivu. Direkteri anamwandikia konvokasio, barua ya wito: mzazi aje Jumatatu. Jumatatu mzazi anafika, anakemewa, na hakuna aliyeuliza kitu. Saa 72 zimeshakwisha, na karatasi iliyozila ina muhuri wa shule. Hospitali ya Panzi iko mji huu huu, tangu 1999. Dunia ilimpa Daktari Mukwege wa hospitali hiyo tuzo ya Nobeli ya Amani 2018 kwa kazi yake juu ya waliobakwa, na sisi tunamzuia mtoto wa Kadutu asifike huko kwa sababu alisinzia!

Najua jibu: "Hatuna mshahara wa mshauri." Sikuomba mshahara. Chagueni walimu wawili, mwanamke na mwanaume, wale ambao watoto huwafuata wenyewe wakati wa rekre, yaani mapumziko. Mkiwapanga kwa urafiki wenu na prefe, mmeharibu kazi kabla haijaanza. Wapunguzieni saa 4 za kufundisha kwa wiki. Wapeni chumba, hata kile cha kuwekea chaki, mradi kiwe mbali na biro ya prefe na mbali na mahali wazazi wanapolipia. Mlango ufungwe ili maneno yasitoke, lakini dirisha lisiwe na pazia, ili mtu apitaye aone walio ndani. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mwalimu. Viti viwili vya kimo kimoja, vikae mshazari, bila meza katikati. Mtoto awe upande wa mlango, ajue anaweza kutoka.

Na msimwite kwa jina mbele ya darasa. Hapo ndipo kazi hufa. Wenzake watamgeukia wote, na akirudi watamuuliza ana mimba au ameiba. Mtumeni apeleke rejista kwenye chumba cha mshauri, mazungumzo yafanyike huko.

Kabla hajafungua kinywa, mwambieni ukweli kuhusu siri. Msiahidi "sitamwambia mtu yeyote". Semeni hivi: "Utakayonieleza yatabaki hapa, isipokuwa mambo matatu: kama unataka kujiua, kama kuna mtu anakuumiza, au kama unataka kumuumiza mwingine. Hapo nitatafuta msaada, na wewe utajua kwanza nani ataambiwa." Halafu nyamazeni. Walimu, ninyi kunyamaza hamjui. Mmezoea swali lipate jibu papo hapo. Mtoto akikaa dakika mbili akivuta uzi wa sketi yake, mwacheni auvute. Dakika 30 au 40 zinatosha, na mwisho mpangeni siku ya kurudi. Mkihofia anataka kujiua, muulizeni wazi: "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, linamfungulia mlango wa kulisema.

Daftari liandikwe namba badala ya majina, kabati liwe na ufunguo, na ufunguo ukae kwa washauri peke yao. Prefe apewe hesabu tu: mwezi huu wamekuja wangapi, kwa mambo ya aina gani. Bwana prefe, ukidai majina, wiki inayofuata chumba kitakuwa kitupu.

Kuna mama ataniambia kwamba kwetu kazi hii ni ya shangazi. Kweli kabisa, mama. Lakini shangazi amebaki Shabunda, mbali na mji, mtoto amepanga hapa mjini, Cimpunda, na kaka yake wa miaka 19. Atamngoja shangazi mpaka lini?

Asiyekuja mwenyewe mtamwona kwenye buletini, karatasi ya pointi zake. Linganisheni periodi, yaani kipindi cha masomo, ya kwanza na ya pili. Pointi zikianguka katika somo moja, tazameni somo hilo na mwalimu wake. Zikianguka zote kwa pamoja, kuna jambo nyumbani, mwilini au moyoni. Tazameni pia siku anazokosa: akikosa kila siku ile ile ya wiki, kuna kazi anafanya mahali, akikosa wiki ile tu mnapofukuza wenye madeni, mnajua sababu, mmeitengeneza wenyewe.

Naona mwenye saa ananionyesha mkono. Nilitaka kusema kirefu juu ya kuchagua opsio, yaani mkondo wa masomo, nitasema mbio. Mwaka wa 8 msingoje TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwapangia mikondo, ndipo muongee. Anzeni muhula wa pili, mketi na mzazi pamoja na mtoto, mkiwa na buletini za miaka miwili mezani. Msichana mwenye hesabu nzuri msimsukume pedagojia, yaani ualimu, kwa sababu ni bei nafuu, wala mvulana anayeanguka kemia msimtie sayansi kwa sababu baba anataka daktari. Mwambieni mzazi gharama ya miaka minne yote, pamoja na vifaa: koti la maabara, vitambaa vya ushonaji, zana za mekanika. Wengi huacha mwaka wa pili kwa vifaa ambavyo hakuna aliyewatajia.

Ya utoro na ya pombe sikuyafikia. Mwenye swali aanze, na tuanze na akina mama.