Pima mtikisiko wa daraja la waenda kwa miguu kwa simu yako

Karibu mtazamaji. Umewahi kusimama katikati ya daraja la chuma, mtu akapita, ukahisi sakafu inacheza chini ya nyayo zako? Leo tunaupima mchezo huo.

Njoo alfajiri, watu wakiwa wachache. Simama katikati kabisa ya nguzo mbili. Karibu na nguzo hutaambulia kitu. Fungua phyphox, programu ya bure, chagua kipimo cha mchapuko (yaani jinsi mwendo unavyobadilika) bila graviti. Laza simu sakafuni, urefu wake ufuate urefu wa daraja. Usiishike, mkono nao hutetemeka.

Bonyeza kuanza. Sasa mdogo wangu anasimama kwa vidole vya miguu, anashusha visigino kwa kishindo mara moja. Puu! Halafu anatulia tuli. Tuli kweli, maana tumeshaharibu mara mbili kwa kicheko chake. Tazama mstari wa z, unaoonyesha mtikisiko wa juu na chini: unapanda, unashuka, unafifia. Hesabu vilele vya sekunde 5, gawanya kwa 5. Vilele 20 maana yake daraja linacheza mara 4 kwa sekunde.

Mtembeaji wa kawaida hupiga kama hatua 2 kwa sekunde. Ukipata namba iliyo karibu na 2, kila hatua inalikuta daraja palepale, kama unavyosukuma bembea ya mtoto.

Usifunge simu bado. Mguu wa kulia husukuma kulia, wa kushoto kushoto, kwa hiyo msukumo wa ubavuni huja kama mara 1 tu kwa sekunde. Hapo ndipo Millennium Bridge ya London iliponaswa. Ilifunguliwa Juni 10, 2000, umati ukapita, ikayumba upande kwa upande, na siku mbili baadaye ikafungwa. Watu walipoyumbishwa walitanua miguu wasianguke, wakazidi kuisukuma bila kujua. Kwenye majaribio ya baadaye, watu 156 walipita salama. Walipofika 166 daraja likaanza kuyumba ghafla. Lilifunguliwa tena 2002, likiwa na vizuia mtikisiko karibu 90, kazi yake kama shokapu za gari.

Kwa hiyo rekodi tena mtu akitembea, safari hii soma mstari wa x, wa mtikisiko wa upande kwa upande. Rudia mara tatu. Namba zikipishana sana, simu iliteleza: tandika kitambaa kibichi chini yake. Na usikusanye vijana waje kurukaruka. Kisigino cha mtu mmoja kinatosha.