Tafuteni Mwamba, Msitafute Shimo

Ndugu zangu, sababu ya kuzifukia taka za nyuklia chini kabisa sitairudia. Plutoniamu-239, mojawapo ya vitu vyenye mionzi vilivyomo, huchukua miaka 24,100 kupungua nusu, na hakuna serikali itakayoweka mlinzi getini muda wote huo. Hilo mnalijua. Nililokuja nalo nimelisema katika kumbi nyingi na nitalisema tena: msigeuze mgodi wa zamani kuwa kaburi la taka za nyuklia eti kwa sababu shimo lipo tayari.

Kila nikizungumza husimama mtu: "Mwalimu, si kuna migodi iliyofungwa? Tuokoe gharama ya kuchimba." Huwa namjibu kwa neno moja: Asse.

Asse II ni mgodi wa chumvi huko Ujerumani. Uchimbaji ulikoma 1964, serikali ikaununua mwaka uliofuata, na kati ya 1967 na 1978 yakateremshwa humo mapipa yapatayo 126,000 ya taka zenye mionzi hafifu na ya kati. Hoja ilipendeza masikioni: chumvi ni kavu, na ikikandamizwa hujisogeza polepole ikaziba nyufa zake. Kweli kabisa, kwa chumvi ambayo haijaguswa. Hii ilikuwa imekwisha kuguswa! Wachimbaji walitafuta chumvi, hawakuwa na habari na taka za nani. Waliifuata hadi karibu na ukingo wake, wakaacha vyumba vitupu vikubwa. Uzito wa mlima ukavielemea vyumba vile, mwamba wa pembeni ukalegea, maji yakapata njia. Tangu 1988 yanaingia, lita kama 12,000 kwa siku. Na mgodi wa jirani, kwenye kilima hicho hicho, ulikuwa umefurika tangu 1906. Onyo lilitangulia pipa la kwanza kwa miaka 60.

Mapipa yenyewe je? Mwanzoni yalipangwa vizuri. Baadaye tingatinga likawa linayamwaga kwenye mteremko, yanabiringika hadi chini, kisha yanafunikwa kwa chumvi. Sasa sheria ya 2013 inataka yatolewe. Hebu wazeni kazi hiyo: mamia ya mita chini ya ardhi, pipa limebanwa na pipa, limebondeka, limeshikana na chumvi, na hujui ni lipi limepasuka. Hiyo ndiyo gharama tuliyoambiwa tumeiokoa.

Maana adui ni maji. Tazameni glasi hii. Asubuhi nilitia humu vipande vya bentonaiti, udongo mkavu wa mfinyanzi, nikamwagia maji. Sasa hakuna tone la kumwaga. Udongo umevimba, umeshika kuta za glasi, naipindua na haudondoki. Kule Onkalo, kaburi la taka za nyuklia la Finland, mitungi ya taka ya shaba yenye unene wa sentimita 5, na chuma ndani yake, imepangwa kuzungushiwa udongo huu kwenye mwamba mgumu, zaidi ya mita 400 chini. Maji yakipenya, ndiyo yanayouvimbisha udongo, nao unayafungia njia. Lakini mwamba ulipimwa kwanza, miaka na miaka, na palipo na ufa unaopitisha maji mengi hapawekwi mtungi. Shimo lilikuja baadaye.

Mtasema mwamba gani wa kuaminiwa miaka laki moja? Nendeni Oklo, Gabon. Karibu miaka bilioni 2 iliyopita uraniamu ilijiwasha yenyewe ardhini, ikafanya kazi kama tanuri la nyuklia. Ilipogunduliwa 1972, ilionekana kwamba plutoniamu iliyozaliwa humo haikusogea mbali, na pale hapakuwa na mtungi wala mhandisi.

Naona ninaonyeshwa saa. Alama za kuwaonya watu wa baadaye naziacha. Joto la taka, kwa kifupi: mitungi isisongamane, udongo usifike nyuzi 100 za selsiasi, la sivyo unaharibika na ule uvimbe mliouona unapotea. Na yule ndugu wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja migodi, anifuate hapa mezani. Ramani ya vyumba vya Asse ninayo, nimuonyeshe ukingo ule kwa kidole.